Kujiamini ni Tunda la Kuaminiwa

Kila mwaka, mitihani inapokwisha katika vyuo vikuu vyetu, maelfu ya vijana hufunga masanduku yao na kutawanyika katika nchi nzima. Wengine huenda katika shule za sekondari kufundisha, wengine hospitalini, wengine katika ofisi za halmashauri, katika mabenki, viwandani na katika kambi za ujenzi wa barabara. Katika vitabu vya chuo safari hiyo huitwa mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wenyewe huiita fildi. Baada ya wiki kadhaa hurudi na daftari lililotiwa sahihi na ripoti iliyopigwa mhuri, na tangu siku hiyo kijana huandika katika barua zake za kuomba kazi ya kwamba anao uzoefu.

Leo twapenda kuuliza swali ambalo mhuri hauwezi kulijibu. Uzoefu ni kitu gani? Na ule moyo wa kujiamini, ambao waajiri wanaudai na wazazi wanautazamia, huzaliwa wapi? Je, waweza kununuliwa? Waweza kuigwa kwa kuvaa tai na kusema kwa sauti kubwa? Wengine watasema kwamba jambo hili ni la wakuu wa vyuo na maofisa wa kazi. Sisi twaona sivyo. Ni jambo la dhamiri, nalo laihusu kila nyumba ya Kikristu iliyouza ng'ombe, shamba au kiwanja ili mtoto mmoja apate kusoma. Maana nyumba hiyo haikutoa mali yake ili ipate karatasi. Ilitoa ili ipate mtu.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ambayo mara nyingi twaipita bila kuitazama. Maneno haya, imani, amana, uaminifu, kuaminiwa na kujiamini, yote yametoka katika shina moja, nayo yana utaratibu wake. Kwanza mtu hukabidhiwa amana, hata ikiwa ndogo. Akiitunza, watu huuona uaminifu wake, nao humwamini. Na mtu aliyekwisha kuaminiwa na wenzake, akaona kwa macho yake mwenyewe kwamba hakuwavunja moyo, huyo huanza kujiamini. Wala hana haja ya kumtangazia mtu yeyote kwamba anajiamini. Basi, kujiamini ni tunda, na mzizi wake ni amana.

Siku hizi vijana wetu hufundishwa utaratibu ulio kinyume. Huambiwa wajiamini kwanza, ndipo watakapoaminiwa. Hufundishwa namna ya kuingia katika chumba cha usaili, namna ya kutoa mkono, namna ya kumtazama mwulizaji usoni. Hatuyadharau mambo hayo. Adabu na usemi mzuri ni mapambo ya mtu. Walakini pambo halisimami peke yake, lataka mwili wa kulichukua. Kijana aliyejifunza kusema kwamba anaweza, naye hajapata kukabidhiwa kitu na kukirudisha salama, ana ujasiri wa kuazima tu. Na wahenga walikwisha kutuonya juu ya nguo ya kuazima.

Maandiko Matakatifu yatupa mfano ulio wazi katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Daudi alipofika katika kambi ya Waisraeli hakuwa askari. Alitumwa na baba yake kuwapelekea kaka zake chakula, naye kabla ya kuondoka alihakikisha kwamba kondoo wamebaki na mchungaji. Kaka yake mkubwa, alipomsikia akiuliza habari za yule Mfilisti, alimkemea na kumkumbusha vikondoo vichache alivyoviacha nyikani. Mfalme Sauli naye alimwona kuwa mtoto. Daudi hakumjibu mfalme kwa majivuno. Alitoa hesabu ya kazi yake: ya kwamba alipokuwa akichunga kondoo wa baba yake alikuja simba, akaja na dubu, naye akamwokoa mwana-kondoo kinywani mwao. Kisha akasema kwamba Mungu aliyemwokoa huko ndiye atakayemwokoa na hapa. Na walipomvika mavazi ya vita ya mfalme, aliyavua, kwa sababu hakuyazoea.

Tuangalie mambo matatu katika habari hiyo. La kwanza, uzoefu wa Daudi ulipatikana katika kazi ndogo, tena mahali pasipo na shahidi. Hakuna aliyempigia mhuri kule nyikani. Angeweza kumwachia simba mwana-kondoo mmoja, wala hakuna ambaye angemlaumu. La pili, alikataa kupigana kwa silaha ya mtu mwingine, ingawa ilikuwa silaha ya mfalme. La tatu, kujiamini kwake hakukuwa kiburi, maana alijua ni nani aliyemlinda. Mtu anayejua kwamba vipaji vyake ni amana ya Mungu hawezi kuvidharau, wala hawezi kuvijivunia kana kwamba alivichuma mwenyewe. Ndilo fundisho la Bwana wetu katika mfano wa talanta: bwana yule aliwaamini watumishi wake kabla ya kujua watakalolitenda, naye aliyelaumiwa ni yule aliyeogopa, akachimba shimo na kuifukia amana yake.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimelishindania swali hili tangu zamani: kazi na masomo vipatane namna gani, na kipi kitangulie? Makerere ya Uganda, ambayo leo yahesabiwa kuwa mama wa vyuo vikuu vyetu, ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwanzo wa elimu yetu ya juu ulikuwa randa na msumeno. Asidhani mtu basi kwamba mkono ni adui wa kitabu, au kwamba kushika spana ni kuishusha heshima ya msomi.

Walakini heshima hiyo ilizusha mzozo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti hayo yaliwataka wahitimu watumike kwa muda wa miaka miwili, sehemu ya kwanza kambini na sehemu iliyobaki katika kazi zao, wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400, naye akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni baadaye. Hatutaki kuifungua kesi hiyo upya. Twaona tu fundisho moja: utumishi ulioletwa mwishoni, baada ya mtu kujihesabu kuwa amekwisha kuwa mkubwa, ulionekana kuwa kodi, au hata adhabu. Haukuonekana kuwa sehemu ya kumfanya mtu awe mtu.

Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, ikaja njia nyingine. Iliamuliwa kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: kwanza alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na apate ushuhuda wa mwajiri wake na wa Chama. Azimio hilo lilikuwa na hekima ndani yake, maana lilikiri kwamba wanaofanya kazi na mtu humjua kuliko karatasi ya mtihani. Lakini lilikuwa na hatari pia. Pale ambapo safari ya kijana inategemea kalamu ya mkubwa mmoja, upendeleo hupata mlango. Na kwa mabinti wengi miaka ile ya kungoja iliweza kuwa miaka ya kupotea. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua, yakianza kulegezwa kwa wanawake, na leo vijana huingia chuoni bila kupitia kazini. Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria lilisimamishwa mwaka 1994, likarudishwa mwaka 2013 kwa muda mfupi zaidi.

Nchi yetu basi imejaribu kuiweka kazi baada ya masomo, ikajaribu kuiweka kabla ya masomo. Njia inayotumika zaidi leo ni ya kuiweka katikati, masomo yakiwa yanaendelea. Twaona kwamba njia hiyo ni njema. Anayesoma huku akifanya kazi hurudi darasani na maswali aliyoyaokota kazini, na hurudi kazini na majibu aliyoyapata darasani. Wala kazi hiyo si lazima iwe ile iliyoagizwa na chuo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere tangu 1943 hadi 1945, alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha ustawi cha Watanganyika waliokuwa wakisoma huko. Kilikuwa chama kidogo cha wanafunzi, wala hakuna mwalimu aliyekitolea maksi. Alipokwenda kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alishiriki katika kazi za chama cha TAA; mwaka 1953 akachaguliwa kuwa rais wa chama hicho, na mwaka 1954 TANU ikazaliwa. Mtu aliyesimama mbele ya taifa alikuwa amekwisha kusimama mbele ya wachache.

Lakini njia njema yaweza kuharibiwa na waendao ndani yake. Hapa hatuna budi kusema wazi jambo ambalo wengi wanalijua na wachache wanalitamka. Wako wanafunzi ambao katika wiki zao zote za fildi hawaonekani kazini zaidi ya siku tatu. Daftari hujazwa usiku mmoja kwa kalamu za rangi mbalimbali, ili lionekane liliandikwa siku nyingi. Mjomba aliye ofisini hutia sahihi. Ripoti hupatikana katika stesheneri iliyo jirani na chuo, ni ile ya mwaka jana iliyobadilishwa jina. Na sasa ziko hata programu za kompyuta ziwezazo kuandika kwa dakika chache habari za mahali ambapo mwenye ripoti hajapata kukanyaga. Watu huuita mchezo huo ujanja. Sisi twauita kwa jina lake: ni uongo, na Amri ya Nane yaukataza.

Mtu atasema: uongo huo unamdhuru nani, nayo ni karatasi tu? Unamdhuru mgonjwa atakayeangukia mikononi mwa mtu asiyejua kushika sindano. Unawadhuru watoto wa kidato cha pili watakaofundishwa na mtu aliyeogopa kusimama mbele yao. Unawadhuru wanachama wa chama cha akiba ambao fedha zao zitahesabiwa na mhasibu aliyekariri hesabu bila kuzifanya. Lakini kabla ya hao wote, unamdhuru kijana mwenyewe. Maana kila atakaposifiwa kwa uzoefu wake, moyoni mwake atasikia sauti ikimwambia, "Si kweli." Hakuna semina iwezayo kuinyamazisha sauti hiyo. Mtu aliyejidanganyia ushuhuda amejinyima kitu kile kile alichokitafuta. Yeye mwenyewe ndiye shahidi kwamba hastahili kuaminiwa, basi atajiaminije? Dhambi nyingine huadhibiwa baadaye. Hii huanza kumwadhibu mtu siku ile ile ya usaili.

Hata hivyo, haifai kuwalaumu vijana peke yao, maana mara nyingi hufundishwa uongo huo na wale wanaowapokea. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ziko ofisi ambazo mgeni wa fildi hukaa wiki nane bila kupewa jembe. Hutumwa kununua vocha, huchemsha chai, hupanga mafaili yasiyofunguliwa tena, na mwisho husifiwa kwa kutiwa sahihi. Ziko nyingine zinazokosa kwa upande wa pili: humpa jembe kubwa kuliko la mwenyeji, zikamfanyisha kazi ya mtu mzima kutwa nzima bila kumfundisha neno, bila hata nauli ya kurudi alikopanga, ili zisimwajiri mtu wa kulipwa. Katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza katika jambo hili, ya kuwa anayeifanya ni mtu. Mwanafunzi si chombo cha kupunguzia gharama, wala si mzigo wa kuvumilia hadi siku zake ziishe. Ni mtu aliyeletwa ili afanywe fundi, kama vile mafundi waliotangulia walivyofanywa mafundi na wengine.

Tena liko kosa lililo baya zaidi. Wako wasimamizi wachache wanaomtaka binti wa watu alipe sahihi yao kwa mwili wake. Sheria yetu ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 yaihesabu rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Sheria ya Mungu ilikwisha kuihesabu hivyo zamani sana. Binti aliyepatwa na jambo hilo asinyamaze, na wazazi wake wasimwambie avumilie kwa ajili ya cheti. Hakuna cheti chenye thamani hiyo, na aibu si yake, ni ya yule aliyeligeuza dawati la kazi kuwa mtego.

Lipo na jambo la haki baina ya maskini na mwenye nacho. Mtoto aliyezaliwa mjini, mwenye shangazi benki na kitanda nyumbani, hupata mahali pazuri pa kujifunzia bila jasho. Mtoto aliyetoka Kibondo au Nkasi huandika barua kumi asijibiwe hata moja. Naye akijibiwa, hana pa kulala. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa ikiwakopesha wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika. Kisha wote wawili hufika mbele ya mwajiri yule yule, naye huwauliza, "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Twawaomba waajiri Wakristu wafikiri. Kumdai kijana kitu ulichomnyima ni kuvuna usipopanda. Aliyewahi kuuza nyanya sokoni ili alipe ada, akatunza hesabu za genge kwa miaka mitatu bila upungufu, huyo naye anao uzoefu, ingawa hakuna aliyempigia mhuri. Mwulizeni habari za simba na dubu wake, nanyi mtasikia.

Wazazi wengine watatupinga kwa neno moja, ambalo ni zito: kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Twakubali. Kitabu ndicho amana ya kwanza ya mwanafunzi. Kijana aliyetumwa na familia kusomea uhandisi, naye akaacha madarasa ili aendeshe bodaboda usiku na mchana, au akageuza chumba cha bweni kuwa duka hata akafeli, ameivunja amana ya kwanza ili apate ya pili. Walakini si kila jasho nje ya darasa ni upotevu. Tungependa kila mwanafunzi ajiulize maswali matatu kabla ya kuanza kazi yoyote. Je, kazi hii yaniacha na nguvu ya kutimiza wajibu wangu wa masomo? Je, yupo mtu anayenufaika nayo zaidi ya mfuko wangu? Je, yaniachia Jumapili ya Bwana na sala zangu? Akijibu ndiyo mara tatu, na aanze bila hofu. Mtume Paulo alihubiri kwa mataifa na kushona mahema pia, wala injili yake haikuchafuka kwa nyuzi.

Na kazi zenyewe haziko mbali. Mwaka 1976 Maaskofu wa nchi za AMECEA, walipokutana Nairobi, walikaza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristu. Leo karibu kila mtaa na kijiji chenye Wakatoliki kinayo jumuiya, nayo ina daftari la michango, ina wagonjwa wa kutembelewa, ina watoto wa kufundishwa Komunyo ya Kwanza, ina kwaya na ina mashauri ya kusuluhishwa. Mwanafunzi wa uhasibu akirudi likizo, mbona asikabidhiwe daftari la michango alikague na kuwasomea wazee hesabu yake? Mwanafunzi wa sheria awaeleze wajane haki zao za mirathi, pamoja na mwanasheria aliye mtu mzima asije akapotosha. Mwanafunzi wa ualimu awafundishe watoto wa kipaimara. Atatetemeka siku ya kwanza. Siku ya nne watoto wale wale watamwita mwalimu. Lakini katika parokia nyingi msomi kijana akirudi hupewa kazi ya kupanga viti na kuongoza magari siku ya harambee, kisha twalalamika kwamba vijana wamelikimbia Kanisa. Hawakulikimbia, tuliwanyima jembe.

Nanyi wazazi, mna sehemu yenu, na yaweza kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Kijana akirudi kutoka chuoni, msimwambie, "Wewe umesoma, kaa, wadogo zako watafanya." Neno hilo lasikika kuwa la upendo, lakini lamfundisha kwamba elimu ni kupandishwa juu ya wengine. Mpeni kitu chenye uzito. Mpeni hesabu za shamba la mwaka huu, akuonyesheni ni mazao gani yanayowala fedha na ni yapi yanayozileta. Mtumeni kufuatilia hati ya kiwanja halmashauri, apange foleni, azungushwe, avumilie, arudi na jibu. Akikosea, mrekebisheni, msimnyang'anye kazi. Tena msimtafutie kimemo. Mzazi anayemtafutia mtoto wake nafasi kwa kimemo hudhani amempa mwanzo mzuri, kumbe amemvika mavazi ya vita ya Sauli: ni mazito, yanang'aa, na hawezi kutembea ndani yake.

Vijana wetu wapenzi, twajua hofu yenu. Mwaona wenzenu waliohitimu wakizunguka na bahasha, nanyi mwajiuliza kama zamu yenu haitakuwa hivyo. Hatuwezi kuwaahidi kwamba mwaminifu ataajiriwa kabla ya mwenye mjomba. Tungesema hivyo tungewadanganya. Mara nyingine haitakuwa hivyo, na huo ni udhalimu ambao sote tumepewa wajibu wa kuupinga. Lakini liko jambo ambalo hakuna awezaye kuwanyang'anya. Siku ile ulipobaki wodini saa moja zaidi kwa sababu mgonjwa hakuwa na mtu. Siku ile ulipomwambia msimamizi kwamba jumla haikupatana, ingawa ungeweza kunyamaza. Siku ile ulipofundisha kipindi kibaya, ukarudi nyumbani, ukakiandaa upya na kukifundisha tena vizuri: siku hizo zimekuwa mali yako. Utakwenda nazo popote, uwe umeajiriwa au umejiajiri, uwe mjini au shambani.

Bwana wetu Yesu Kristu alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kuhubiri, na watu wa kwao walimjua kuwa seremala. Miaka ile mingi ya Nazareti haikuandikwa katika ripoti yoyote. Aliyemsimamia katika karakana ile ni Mtakatifu Yosefu, ambaye Injili hazikutuachia hata neno moja lililotoka kinywani mwake, naye Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alimwekea sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, siku ya tarehe 1 Mei. Kwa maombezi yake, Mungu awape vijana wetu mikono isiyoogopa kazi na dhamiri isiyoogopa kuulizwa. Awape wenye ofisi moyo wa kufundisha. Na awape wazazi ujasiri wa kuwakabidhi watoto wao jembe, wakasimama kando, wakawaacha walime.